Atapangiwa Kazi Nyingine

"Mwenyekiti, unasubiri mtu afe ndipo uje na rambirambi?"

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema Jumapili moja ya mwezi wa tano, saa kumi jioni, chini ya mwarobaini ulio mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, mbele ya watu kama sitini. Sikupewa nafasi ya kuzungumza, nilijipa. Mwenyekiti ndiyo kwanza alikuwa anaingia ajenda ya pili, ulinzi shirikishi, na sisi hatukwenda pale kwa ajili ya ulinzi shirikishi. Tulikwenda kwa ajili ya kalavati.

Kalavati lenyewe lilizolewa na maji ya masika usiku wa kuamkia Jumatano. Tulipoamka tulikuta barabara imekatika vipande viwili, mabomba ya zege yamelala korongoni, na bodaboda imenasa katikati yake. Kijana aliyekuwa akiiendesha alivunjika mguu. Watoto wa shule ya msingi wakawa wanazungukia barabara ya juu, nusu saa zaidi kwenda na nusu saa zaidi kurudi, na wale walioona mbali wakawa wanashuka korongoni wameshika viatu mkononi.

Basi niliposema lile neno la rambirambi, watu wakapiga makofi. Mama wa genge akaongeza kigelegele. Mwenyekiti akavua baraghashia, akaifuta kwa kiganja kana kwamba ina vumbi, akaivaa tena.

"Nimelichukua," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

Yale makofi ndiyo yaliyokuja kuninyima usingizi.

## Muhuri

Wiki mbili baadaye nilihitaji barua ya utambulisho, tunafungua akaunti ya kikundi chetu cha kina mama. Mnajua wenyewe: unaweza kumkwepa mbunge wako miaka mitano, lakini mwenyekiti wa mtaa humkwepi. Nilikwenda nikiwa nimejitanda kanga mpaka kidevuni, kana kwamba kanga ingenificha.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Leo umekuja kunifokea au kuandikiwa barua?"

Nikacheka kicheko cha mwizi. Yeye akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake, mwandiko ule wa walimu wa zamani unaolala upande mmoja. Akafungua droo kwa ufunguo. Akatoa muhuri, umefungwa kwenye kitambaa, na kibweta cha wino. Akaugonga. Kisha akaunyanyua nikauona vizuri.

"Unauona huu? Ndiyo mamlaka yangu yote. Sasa kalavati nitaligonga wapi?"

Akanifungulia na faili. Mlikuwa na barua nne kuhusu kalavati lile. Ya kwanza aliiandika miaka miwili kabla ya mafuriko, akieleza kwamba zege limepasuka na udongo unaliwa chini. Zote zilikuwa na nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Barua tatu hazikujibiwa. Moja ilijibiwa kwa mstari mmoja: suala lako linafanyiwa kazi.

Yaani kati ya watu wote wanaohusika na kipande kile cha barabara, nilikuwa nimemfokea yule mmoja aliyewahi kuandika.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ningesema mngedai namtupia diwani mpira. Na diwani naye angesema namchafua, mwaka wenyewe huu wa uchaguzi." Akafunga faili. "Kufokewa kumo ndani ya kazi, mwanangu. Mshahara ndiyo haumo."

## Ninaowajua kwa jina

Nimejiuliza sana kwa nini nilimrukia yeye. Jibu la kwanza ni jepesi: alikuwa karibu. Nikiwa na hasira na mtu wa mbali, sina mahali pa kwenda kusimama.

Lakini simu yangu inasema vingine. Usiku uleule wa kalavati nilikuwa nimeandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba nchi hii haina Rais. Binamu yangu akajibu kwa kibonzo, shangazi akatuomba tuache siasa, mambo yakaisha. Kwa hiyo ndani ya siku chache nilikuwa nimelaumu watu wawili tu: mzee mwenye muhuri, na mkuu wa nchi.

Lawama zangu zina nyumba mbili, ya jirani na Ikulu. Katikati hapo ni pori.

Na ndiko kalavati lilikokufa, kwenye pori hilo. Kuna mhandisi aliyepaswa kulikagua. Kuna aliyepanga bajeti ya matengenezo akaliacha nje. Kuna mkandarasi, kuna aliyempa kazi, kuna aliyesaini kwamba kazi imekamilika. Wote hao wana majina, wana ofisi, wana siku za malipo. Mimi ninayeweza kukutajia makipa wa Simba na Yanga mpaka wa akiba sikuwa najua jina la hata mmoja wao.

## Februari ya misiba miwili

Kilichonifanya nisiliachie jambo hili ni mwezi ambao ulikuwa umepita muda si mrefu.

Februari 2024 tulizika, au tulijiandaa kuzika, watu wawili. Edward Lowassa alifariki tarehe 10. Mzee Ali Hassan Mwinyi akafariki tarehe 29, akiwa na miaka 98. Mimi, kama wengi, niliweka picha ya mshumaa kwa huyu na kwa yule, nikaendelea na shughuli zangu. Haikunijia kabisa kwamba ndani ya siku kumi na tisa taifa limepoteza watu wenye barua mbili za kujiuzulu zinazojulikana kuliko zote katika historia yake.

Ya Mzee Mwinyi mnaijua. Miaka ya sabini vikongwe walikuwa wanauawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, serikali ikaendesha operesheni, na watu waliokamatwa wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu. Hakuwepo. Mwanzoni mwa 1977 akaandika barua akaondoka, Mwalimu Nyerere akaikubali.

Ya Lowassa tuliiona kwenye televisheni. Tarehe 7 Februari 2008, baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema ameandika barua. Alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Mimi siku ile nilishangilia. Nilikuwa msichana, nilishangilia kwa sababu baba alikuwa anashangilia, na kwa sababu tulikuwa tumechoka na giza.

Miaka saba baadaye, 2015, alipohamia upinzani na kugombea urais, niliimba "mabadiliko Lowassa, Lowassa mabadiliko" mpaka sauti ikakauka. Na kura nilimpa.

Sikujibadilisha kwa ushahidi mpya. Hakuna aliyenionyesha karatasi iliyomsafisha. Aliyebadilika ni mtu niliyekuwa namkasirikia: hasira ilikuwa imehamia kwa waliobaki ndani, basi aliyetoka akawa wetu. Watu zaidi ya milioni sita walimpigia kura mwaka ule, na sidhani wote walikuwa wamesahau Richmond. Tulikuwa tunaikumbuka vizuri. Tuliiweka pembeni tu, kama unavyoweka pembeni bili ambayo mwenye duka hajaiulizia.

## Kiungo kimoja

Kiswahili kina uungwana wake katika mambo haya, na mtego wake.

Angalia neno kujiuzulu. Ndani yake mna kile kiungo kidogo, -ji-. Mtu anajiosha, anajinyonga, anajiuzulu: mtenda ndiye mtendwa. Halafu angalia maneno mengine tunayoyatumia kwa kiongozi aliyetoka: ametumbuliwa, ametenguliwa, amewajibishwa. Hapo yeye ni kuku anayechinjwa, kisu kiko kwa mwingine.

Desemba 2013 tuliyaona yote mawili siku moja. Ilikuwa baada ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, iliyoishia kwa raia kuteswa, wengine kuuawa, na mifugo ya watu kuteketea. Ukitazama vizuri ni kisa cha 1977 kimerudi: serikali inafukuza uovu wa kweli, njiani inafanya wake. Ripoti ya Bunge ilipowaka, Balozi Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alisimama mwenyewe akatangaza kujiuzulu. Baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kwamba Rais ametengua: Mambo ya Ndani, Ulinzi, Mifugo, na yeye Maliasili humohumo. Kosa moja, ukumbi mmoja, jioni moja, na katika wanne kiungo -ji- kilimkuta mmoja.

Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu nilidhani nimelipata. Nikadhani makala hii itakuwa fupi: tunataka -ji-, basi.

Halafu nikakumbuka Cairo.

Mzee Mwinyi baada ya kujiuzulu alipelekwa kuwa balozi wetu Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 wa Muungano. Na yule Waziri wa Mambo ya Ndani wa 2013, Dk. Emmanuel Nchimbi, naye alikuja kuwa balozi, Brazil kisha Misri, hukohuko Cairo, kabla ya kurudi mwaka 2024 kuwa Katibu Mkuu wa CCM. Aliyejiuzulu na aliyetenguliwa, wote njia yao ilipitia ukingo uleule wa Mto Nile.

Atapangiwa kazi nyingine.

Sentensi hiyo sijui ni nani aliiandika mara ya kwanza kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, ila angelipwa kwa kila mara inapotumika angekuwa tajiri kuliko wote waliotenguliwa nayo. Inasema kila kitu bila kusema kitu. Kama alikosea, kwa nini apangiwe nyingine? Kama hakukosea, kwa nini anatolewa hii?

Bado nadhani barua ya 1977 ina uzito ambao tangazo la kutengua halina. Aliyeiandika hakuwa na uhakika wa Cairo, achilia mbali Ikulu. Aliandika akiwa na familia ya kulisha. Lakini siwezi tena kuitumia kama nilivyokuwa naitumia, kama fimbo ya kuwachapia viongozi wa leo, nikinyamazia yaliyofuata. Na nimegundua kitu kingine kinachoniumiza zaidi: barua ile naijua, mwandishi wake namjua, mwaka naujua. Jina la mtu hata mmoja aliyefia mahabusu Shinyanga au Mwanza silijui.

## Jipu

Novemba 2015 nilikuwa mtu wa furaha sana. Tarehe 9, siku chache tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliibuka Muhimbili bila taarifa. Wagonjwa wamelala chini, mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, na siku si nyingi baadaye mashine zikawa zinafanya kazi. Kisha zikaja habari za bandarini, makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Kila jioni tulikuwa tunakaa mbele ya taarifa ya habari kama watu wanaosubiri droo ya bahati nasibu: leo nani?

Kutumbua majipu. Neno lilikuwa la Rais mwenyewe, alilitumia kwenye hotuba ya kufungua Bunge, na mtaani likaingia mpaka kwenye vibandiko vya daladala.

Sitajifanya kwamba sikulipenda. Ukiwa umezungushwa madirisha manne kwa cheti cha mtoto, ukasikia bosi mmoja mahali fulani ametumbuliwa, roho inatulia, hata kama si bosi wa dirisha lako.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, mita chache kabla ya kufika gatini. Kilitengenezwa kubeba watu kama mia moja. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais akamwondoa mtendaji mkuu wa wakala uliokiendesha, akavunja bodi, akaagiza wahusika wakamatwe.

Waziri hakuandika barua. Miaka arobaini na moja tangu ile ya Mwinyi, na sikumbuki tukilisubiri hilo. Sisi tulikuwa tunasubiri jipu. Tulishazoea kwamba lawama huanzia juu zikishuka chini, aliyeko juu kabisa ndiye daktari, na daktari hawezi kuwa mgonjwa.

Wenzetu Kenya mwaka 2024 walionyesha kwamba si lazima iishie hapo. Tarehe 11 Julai mwaka huo, Rais Ruto aliwafuta kazi karibu mawaziri wote baada ya wiki za maandamano. Kwetu ingekuwa sherehe ya mwezi mzima. Vijana wa Nairobi walitazama, wakasema sawa, na aliyewateua je? Kabla mwezi haujakwisha baadhi ya waliofutwa walikuwa wamerudishwa kwenye orodha. Sijui vijana wale wataishia wapi, na damu iliyomwagika kule haistahili kugeuzwa somo la jirani. Nasema tu kwamba swali lao mimi sikuwahi kuliuliza mwaka 2015. Wala 2018.

## Njia ya shukrani

Nenda shule yoyote ya sekondari iliyojengewa madarasa mwaka 2021 na 2022. Mengi ni ya yale 15,000 ya fedha za UVIKO-19, sehemu ya shilingi trilioni 1.3 tulizokopa IMF. Uliza nani amejenga. Mkuu wa shule atakwambia, diwani atakwambia, mkuu wa wilaya atakwambia kwa kipaza sauti: Mama Samia ametoa fedha. Si hazina, si mkopo tutakaoulipa wote mimi na wewe na mama wa genge. Mama.

Si jambo la awamu hii peke yake, awamu zote zilifanya hivyo kwa majina yake. Na sisemi Rais asishukuriwe, fedha zingeweza kuliwa na zikajenga. Nasema njia ile wanaijua vizuri sana. Shukrani ikitoka mtaani kwetu inapanda kwa mwenyekiti, kwa diwani, kwa mbunge, kwa mkuu wa mkoa, kwa waziri, kila mmoja anaisukuma juu kwa mikono miwili, hakuna anayethubutu kuibakiza kwake, mpaka inafika.

Lawama ikipita njia hiyohiyo inakuta mageti. Rais amedanganywa na wasaidizi. Waziri ameangushwa na watendaji. Mkurugenzi amehujumiwa na idara. Na kwa kuwa haiwezi kukaa hewani, inaporomoka mpaka inamkuta mzee mwenye baraghashia chini ya mwarobaini.

Sikuwa namwonea kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesimama mahali lawama zinapotakiwa zianguke.

## Dhaifu

Kuna sehemu ya makala hii niliifuta mara tatu.

Juni 2012 John Mnyika alisema bungeni kwamba miongoni mwa yaliyotufikisha hapa ni udhaifu wa Rais Kikwete. Akatakiwa afute neno, akakataa, akatolewa nje na Naibu Spika Job Ndugai. Desemba 2018 CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Profesa Mussa Assad, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, alisema ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa, akahojiwa na kamati, na Aprili 2019 Bunge, Spika akiwa Ndugai, likaazimia kutofanya naye kazi. Desemba 2021 Ndugai mwenyewe alisema neno kuhusu nchi na mikopo. Tarehe 6 Januari 2022 alikuwa amejiuzulu uspika.

Mwone huyo wa mwisho unavyotaka. Mimi ninachokiona ni kwamba katika visa vyote vitatu aliyepata hasara ni aliyesema. Udhaifu wenyewe, kama ulikuwepo au haukuwepo, haukuwahi kuwekwa mezani ukaguliwe.

Na hao ni wakubwa, wenye kinga na wanasheria. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alitiwa hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa maneno aliyoyaandika Facebook juu ya Rais: faini ya milioni saba au jela miaka mitatu.

Sasa nirudi kwangu. Pale mkutanoni nilisifiwa kwamba nina moyo. Jirani yangu mmoja alinishika mkono akasema, "Dada, wewe huogopi mtu." Naogopa, sana. Ningekuwa siogopi ningemfokea mwenye uwezo wa kunifanya kitu. Nilichagua mtu ambaye cha kunifanya ni kukawia kunipigia muhuri, na hata hilo hakulifanya.

Nimeyafikiria makofi yale upya. Pengine watu walikuwa wanashangilia kitu wasichoweza kukisema mahali pengine.

## Hata miti ina wizara

Nilimsimulia kaka yangu haya yote. Yeye ni mhasibu katika taasisi ya umma, mtu wa katikati kabisa, wa kule porini. Akanisikiliza, akasema, "Tatizo ni mfumo."

Nikakubali haraka, kwa siku tatu hivi nikaishi na jibu hilo kwa raha. Mfumo! Hauna jina, hauna mke, haupangiwi Cairo. Hakuna wa kumwonea.

Kisha nikaona raha ile inafanana na raha nyingine ninayoijua, ya neno changamoto. Zamani tulikuwa na shida, uzembe, wizi. Siku hizi tuna changamoto, nayo haifanywi na mtu, inajitokeza tu kama uyoga. Tuna mchakato, tuna upembuzi yakinifu, tuko mbioni.

Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za El Niño zimeua watu 155. Katika sababu akataja uharibifu wa mazingira, ukataji wa miti, ufugaji holela. Ni kweli, mtu wa kwetu yeyote aliyeona milima ilivyonyolewa hawezi kubisha. Lakini hata miti ina wizara. Milima ina wizara. Mabondeni watu walikojenga kuna aliyepima viwanja, kuna aliyepokea kodi ya jengo. Mvua haina wizara, ni kweli, ila mamlaka ya hali ya hewa iliitangaza mapema.

Kaka hakupenda niliposema hivyo. "Unataka nini sasa," akasema, "kila mvua ikinyesha waziri ajiuzulu?"

Sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Nikiulizwa ni kalavati la ngapi linalomfikia waziri, siwezi kutaja namba. Kuna waziri mzuri anayeweza kuondoka kwa uzembe wa mtu aliyeajiriwa kabla yake, akaingia mbaya zaidi. Kaka ana wakubwa watatu waliobadilishwa ndani ya miaka minne, na anasema kila anapokuja mpya wanaanza kufundishana mafaili yalipo.

Nikamwambia, "Nataka nimjue mhandisi."

## Nakala kwa

Ilinichukua safari tatu. Ya kwanza mtendaji wa kata alikuwa semina. Ya pili niliambiwa niandike barua kuomba kujua barua za Mwenyekiti ziko kwa nani, nikadhani nataniwa nikakuta sitaniwi. Nikairudisha kwa Mwenyekiti tuiandike pamoja. Tulitaja tarehe za barua zake nne, kumbukumbu namba, na kijana aliyevunjika mguu. Hatukumtukana mtu. Tuliandika "tunaomba kufahamishwa jina na cheo cha afisa aliyepokea," na hapo mzee akasita, kalamu ikaning'inia.

"Jina?"

"Jina."

Akaliandika. Akatoa muhuri kwenye kitambaa. Nilipotaka kuacha ile elfu mbili ya kawaida, akairudisha kwa kidole kwenye ukingo wa meza.

Safari ya tatu, wiki iliyopita, nilielekezwa ghorofa ya juu, mlango wa mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa mhandisi yule, hotuba ninayo. Nikamkuta kijana hata thelathini hajafika, masanduku bado hayajafunguliwa, mezani hakuna hata kalenda.

"Yule uliyemfuata ametoka," akasema kwa adabu. "Amepangiwa kituo kingine. Mimi nina wiki mbili hapa."

Hotuba ikanifia mdomoni. Nilimtazama, nikaona kabisa jinsi ambavyo ningeweza kumfokea, na jinsi ambavyo angevua kofia kama angekuwa nayo.

Nikamwomba aniandikie jina lake. Akaliandika, na namba ya simu ya ofisi chini yake. Nikampa barua. Aliisoma yote, mpaka kwenye nakala. Akauliza mguu wa kijana unaendeleaje. Halafu akatafuta kwenye sanduku moja, akakosa, akatafuta kwenye la pili, akaibuka na muhuri wake, mpya kabisa, mpira bado mwekundu.

IMEPOKELEWA, ukasema muhuri. Tarehe ilikuwa ya jana yake, hajauzungusha. Nikamwambia. Akaifuta kwa kalamu, akaandika ya siku ile kwa mkono, akasaini pembeni.